Kuvuka Horohoro na gari lako kwenda kupiga kambi: karatasi kwanza, hema baadaye

Watu wakisikia naenda kulala kwenye hema Saadani, hifadhi ya taifa ya pwani ya Tanzania, huniuliza hema gani wanunue, friji gani ya gari inafaa, na njia ya Pangani ikoje. Karatasi haziulizwi. Mimi nilifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo kwangu safari huanzia kwenye faili. Mwongozo huu ni wa mtu anayetoka Mombasa au Kwale na gari la kibinafsi lenye namba za Kenya, anayevuka mpaka wa Lunga Lunga, upande wa Kenya, kuingia Horohoro, upande wa Tanzania, analala siku chache pwani ya Tanga, kisha anarudi nyumbani. Ukipitia Taveta na Holili kwenda Mkomazi, au Namanga kwenda Arusha, mengi ni yale yale.

Kabla ya yote, elewa kwamba mpakani gari ni msafiri anayejitegemea. Lina hati zake na siku zake za kukaa, na lisipotoka rasmi linahesabiwa kuwa bado liko. Wengi hujali pasi zao na za watoto wakasahau kwamba likionekana kwenye mtandao wa forodha kuwa gari halikuondoka, TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wana haki ya kudai ushuru wa kuliingiza nchini, sawasawa na gari lililoletwa likauzwa. Ushuru wa gari mnaujua. Ndiyo maana nusu ya maelezo haya yanahusu gari, na watu wanafuata nyuma.

Wiki mbili kabla

Wiki mbili nazisema kwa sababu ya chanjo. Anayetoka Kenya huulizwa cheti cha homa ya manjano anapoingia Tanzania, na chanjo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Ukichomwa kesho na kusafiri keshokutwa, cheti hakikufai. Ukiwa na cheti cha zamani usikitupe: tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, dozi moja ni ya maisha, hata kama kadi yenyewe imeandikwa miaka kumi.

Pasi ya kusafiria beba, na kila mtoto awe na yake. Kitambulisho cha taifa kinamfikisha Mkenya Uganda na Rwanda, lakini kwa Tanzania usikitegemee. Raia wa Afrika Mashariki halipi viza. Hugongewa muhuri tu. Soma siku alizokuandikia afisa ukiwa bado mbele ya dirisha, maana kumwomba arekebishe hapo ni jambo la dakika moja. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi kama ninavyowachukua wapwa zangu, awe na barua ya idhini ya mzazi asiyekuwepo pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Sasa gari. Unahitaji logibuku, yaani hati ya usajili na umiliki wa gari, na jina lililomo ndilo litakaloamua una kazi kiasi gani. Likiwa jina lako peke yako, shukuru. Likiwa na jina la benki kwa sababu mkopo haujaisha, benki ni mmiliki mwenzako na lazima ikuandikie barua ya kuruhusu gari litoke nchini. Barua hiyo haitoki siku moja, kwa hiyo iombe mapema. Likiwa gari la kampuni, barua iwe na nembo, muhuri na sahihi ya mkurugenzi.

Gari tunalolitumia sisi ni Prado ya kaka yangu, basi kila safari huandikiana barua na kuigonga muhuri kwa wakili. Maneno yake huwa hivi: "Mimi, mwenye kitambulisho namba kadha, mmiliki wa gari aina ya Toyota Prado, namba ya usajili kadha, namba ya chesisi kadha, namba ya injini kadha, namruhusu dada yangu, mwenye pasi namba kadha, kuliendesha gari hili kuingia Tanzania na kulirudisha Kenya kupitia Horohoro au mpaka mwingine wowote halali, kuanzia tarehe kadha hadi tarehe kadha, kwa matembezi ya kibinafsi." Yaangalie yale maneno "au mpaka mwingine wowote halali". Mvua za masika zikikata njia ukalazimika kurudi kwa Holili, barua iliyotaja Horohoro pekee itakupa maswali. Tarehe ya mwisho nayo iwe siku kadhaa mbele ya siku unayotarajia kurudi. Na namba ya chesisi inakiliwe kutoka kwenye gari lenyewe, herufi kwa herufi, kisha ilinganishwe na logibuku. Afisa akiamua kukagua, anainama na tochi kusoma namba iliyogongwa kwenye fremu, na namba ikiwa imefunikwa na tope la mwaka mzima hasomi kitu. Ipige brashi na maji siku ya kuosha gari.

Bima ya Kenya inaishia mpakani. Unachohitaji ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo kampuni yako ya bima hukuandikia juu ya bima uliyo nayo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huu, kwa hiyo kadi inakubalika. Usiichanganye na kadi ya chanjo. Watu huzisema kwa jina lile lile na kuacha moja nyumbani. Kadi hii inafidia mtu wa tatu utakayemdhuru, na matibabu ya dharura ya walio ndani ya gari lako. Haitengenezi gari lako. Kama una bima kubwa, mwombe wakala akuongezee kwa maandishi kwamba inafuata gari hadi Tanzania kwa tarehe hizo. Bila hilo, ukigonga mti huko njiani, matengenezo ya gari ni juu yako.

Usiposhughulikia mapema, utauziwa bima kwenye vibanda vya mpakani. Zipo za kweli, lakini usitoe pesa kabla hujaihakiki kwenye mtandao wa TIRA, mamlaka ya bima ya Tanzania, na kuona namba ya gari lako imetokea.

Orodha ya vyombo

Hii ndiyo kazi ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Gari la kambi limejaa vitu vinavyofanana na bidhaa: friji, paneli ya sola, jenereta, kamera, darubini, hema lenye boksi lake jipya. Unapotoka hakuna anayejali. Unaporudi, afisa wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ana haki ya kuuliza friji hii ilinunuliwa wapi. Usipokuwa na la kuonyesha, inaweza kuhesabiwa kuwa mzigo ulioingizwa.

Andika karatasi moja, chapa nakala tatu. Kila kitu cha thamani kiwe na mstari wake: "Friji ya gari, lita 40, rangi ya kijivu, imetumika, namba ya kiwandani kadha." "Jenereta ya petroli, kilowati 1, imetumika, namba kadha." Vikombe, magodoro na masufuria yaandike kwa jumla, "vyombo vya kambi vilivyotumika", usimchoshe mtu kwa kuhesabu vijiko. Unapotoka, mpe afisa wa forodha wa Kenya orodha hiyo na umwombe aigonge muhuri. Akikuambia si lazima, mwombe kwa adabu aigonge hivyo hivyo. Nakala moja ibaki kwake, moja iwe ya Tanzania, moja irudi nawe. Muhuri ule ni ushahidi kwamba vitu viliondoka Kenya navyo vinarudi nyumbani.

Vitu vya kuacha

Droni iache. Tanzania inataka kibali cha mamlaka ya anga kabla hujaingia nayo, na ndani ya hifadhi za taifa kinatakiwa kibali kingine juu ya hicho. Kwa kambi ya siku tatu haistahili.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo wewe Mkenya umeshazoea. Shida ni ile mifuko ya taka mnayonunua kwa ajili ya kambi. Mimi hubeba gunia la katani kwa taka na vikapu kwa chakula, hakuna swali. Vile vifuko vidogo vya zipu vya kuwekea sabuni na dawa vinaruhusiwa ilimradi urudi navyo.

Nyama mbichi, mayai, miche na mbegu hutakiwa vyeti vya afya ya mifugo au mimea. Kwa safari ya kambi hakuna sababu ya kuhangaika. Beba mchele, unga, maharage na viungo vilivyofungwa dukani, kisha vibichi ununue Tanga mjini, ambako samaki ni wa bei nzuri kuliko Mombasa na machungwa ya Muheza yanauzwa kila kona. Mkaa nao nunua huko huko. Kusafirisha mkaa kuna vibali vyake kila upande. Mafuta ya gari yaliyomo kwenye tangi hayana neno, lakini madumu ya petroli nyuma ya gari mpakani yanakufanya uonekane mfanyabiashara wa magendo. Jaza Tanga.

Pombe, kwa anayetumia, ni lita moja ya vinywaji vikali au lita mbili za mvinyo kwa mtu mzima, na tumbaku gramu 250. Hivyo ndivyo sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inavyosamehe. Fedha taslimu zikifika thamani ya dola 10,000 au zaidi, zitangaze, utokapo na uingiapo.

Mkiwa na mgeni asiye wa Afrika Mashariki

Hapa nakaa kidogo kwa sababu nimeona safari za watu zikiharibika. Ile viza moja ya utalii ya Afrika Mashariki, ya dola 100, inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Rafiki yako Mjerumani aombe viza ya Tanzania mtandaoni kabla ya safari, dola 50. Mmarekani hulipa 100.

La pili ni zito zaidi. Kenya na Tanzania zina makubaliano ya utalii ya mwaka 1985, ambayo bado yanatumika: gari la kampuni ya utalii la nchi moja haliruhusiwi kuingiza watalii hadi hifadhini upande wa pili. Linawashusha mpakani, wanapokelewa na gari la huko. Na njia ya Bologonja, baina ya Serengeti na Masai Mara, imebaki kufungwa kwa watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977, ingawa mipaka mingine ilifunguliwa 1983. Sasa wewe umekuja na gari lako halali la kibinafsi, lakini ni la paa la kufunguka, rangi ya kijani ya safari, ndani kuna wazungu wanne. Afisa atauliza: hawa wanalipa? Ni swali la haki, na anayeulizwa ni wageni pia, si wewe tu. Mtu aliyechangia mafuta na chakula ajibu hivyo hivyo, kwamba tumechanga, sisi ni marafiki. Gari la kukodi au lenye jina la kampuni ubavuni usilipeleke kabisa kwa safari hii. Nimemwona jirani yangu akirudishwa kwa sababu aliazima gari la shemeji yake lenye maandishi ya utalii mlangoni, na hakuna maelezo yaliyosaidia.

Siku yenyewe

Ondoka Mombasa alfajiri, kwa feri ya Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu, uwe Lunga Lunga asubuhi kabla ya mabasi. Ni kama kilomita 100 na zaidi kidogo.

Kituo ni cha pamoja. Maana yake, unapotoka Kenya hushughulikiwi Lunga Lunga. Unapita moja kwa moja hadi jengo la Horohoro, na ndani yake wamekaa maafisa wa Kenya na wa Tanzania madirisha jirani. Ukirudi, kinyume chake: unapita Horohoro bila kusimama, kila kitu kinafanyika Lunga Lunga. Vijana watakaokusimamisha kabla ya jengo wakitaka pasi zako si maafisa. Salimia, shukuru, endelea. Pasi na logibuku anakabidhiwa mtu aliye nyuma ya dirisha, mwenye sare.

Ndani, mpangilio ni afya, uhamiaji wa Kenya wa kutoka, uhamiaji wa Tanzania wa kuingia, kisha forodha. Abiria wote washuke. Afisa anataka kuuona uso na pasi pamoja. Kwenye forodha ya Kenya gari linaandikwa kuwa limetoka kwa muda, na orodha yako inagongwa. Forodha ya Tanzania ndiyo inayokupa kibali cha muda cha gari. Afisa atataka logibuku, barua ya mmiliki, leseni yako, pasi yako na bima. Mwambie unakwenda wapi na lini unarudi, na uombe siku zilizozidi kidogo safari yako. Ukiambiwa na mtu wa nje kwamba ni lazima umlipe wakala, mwulize afisa mwenyewe dirishani, na akikubali kwamba wakala anahitajika, mwombe akuonyeshe mwenye leseni. Pesa yoyote unayolipa serikalini Tanzania hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu, na risiti hutoka. Anayetaka taslimu mkononi bila risiti, mwombe kwa upole hiyo namba.

Kibali kikitoka, kabla hujakunja, soma vitu vinne: namba ya gari, namba ya chesisi, jina lako, tarehe ya mwisho. Sifuri iliyoandikwa O inarekebishwa hapo hapo kwa salama na amani. Lunga Lunga wakati wa kurudi, ni kesi.

Kisha kuna lango, na huenda pakawa na ukaguzi wa mizigo. Pakia faili, orodha na vyombo vya thamani nyuma karibu na mlango, ili usishushe magodoro yote kwenye jua kumwonyesha mtu friji.

Barabarani hadi kambini

Horohoro hadi Tanga ni lami nzuri, kilomita 65 hivi. Vijijini mwendo ni 50, na askari wa usalama barabarani wenye sare nyeupe wana kamera za mwendo. Faini ni shilingi 30,000 za Tanzania kwa kosa moja, nayo pia ni kwa namba ya malipo. Pembe tatu za tahadhari mbili, kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza viwe vya kufikika. Mwite afisa "afande", teremsha kioo, amkia vizuri. Watanzania wana subira na heshima ya maamkizi kuliko sisi wa Kenya, na anayeruka salamu akaanza na swali ameshajiharibia.

Tanga, kisha Pangani, unavuka mto kwenda Bweni na kushika njia ya Mkwaja hadi lango la Saadani. Hapo kuna vibali vya aina nyingine, vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania: ada ya kuingia kwa kila mtu, ada ya kulala kambini kwa kila mtu kwa usiku, na ada ya gari. Onyesha pasi ya Kenya upate bei ya raia wa Afrika Mashariki, kwa shilingi. Lakini gari ni jambo jingine: namba za kigeni hulipishwa kwa dola, kufuatana na uzito, zaidi ya gari la Tanzania. Piga hesabu kabla. Kwa Prado na watu wawili, kuingia na gari kwa usiku tatu kunaweza kugharimu zaidi kuliko watu wenyewe. Juu ya ada kuna VAT. Taslimu langoni usitegemee.

Kwa sababu hiyo, familia yenye gari zito naishauri iweke kambi Ushongo, kusini ya Pangani, nje ya hifadhi, ambako unalipa mwenye kiwanja tu, kisha iingie Saadani siku moja kwa gari la mwenyeji. Kulala ndani kunafaa kwa anayetaka kusikia simba usiku na bahari kwa pamoja. Hifadhi nyingine ya namna hiyo Tanzania bara haina, na mimi kila nikiweza hulipa. Kibali kina saa ya kuisha. Iangalie ilivyoandikwa na uwe langoni kabla ya saa hiyo.

Kurudi

Usiokote kombe, matumbawe wala gamba la kasa, hata lililotupwa na maji. Madete, ndani ya Saadani, ni ufukwe wa kasa kutaga, askari wa hifadhi wako makini, na mpakani hilo ni kosa kwa nchi zote mbili. Gunia la machungwa la kupeleka nyumbani lina sheria ya mimea ya KEPHIS, shirika la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea. Kuleni yakiwa huko. Vikapu vya mkonge na kanga havina shida, risiti ziwekwe.

Lunga Lunga, kabla ya kuingia uhamiaji wa Kenya, maliza na forodha ya Tanzania. Toa kibali cha gari na useme wazi, "naomba kulifungia gari hili." Simama hapo mpaka afisa akuthibitishie kwamba limefungwa kwenye mtandao, na upewe karatasi iliyogongwa muhuri wa kutoka. Mtandao ukiwa chini, subiri. Chai iko nje. Atakayekwambia nenda tu, tutafunga baadaye, mjibu kwa heshima kwamba gari ni la kaka yako na utangoja. Kisha uhamiaji, kisha forodha ya Kenya na ile orodha yako yenye muhuri wa kutoka.

Ukilazimika kurudia mpaka mwingine, sema mapema dirishani kwamba uliingilia Horohoro ili kibali kitafutwe. Na siku zikikuishia ukiwa bado ndani, gari likiharibika kwa mfano, nenda ofisi ya TRA Tanga kabla ya tarehe ya mwisho, na barua ya fundi mkononi. Kuongeza siku kabla ya kuisha ni maombi. Baada ya kuisha ni kosa.

Piga picha ya kila karatasi iliyogongwa, mtumie mwenye gari siku hiyo hiyo, na zile halisi ziweke kwenye faili pamoja na logibuku. Gari likija kuuzwa, au likivuka tena mwakani, afisa anaweza kuuliza kuhusu safari hii, na jibu liwe karatasi.